Bastola ya Mpini wa Mpingo

"Rudia," Ndegwa alisema. "Na usiruke kitu."

Gaspard alikuwa upande wa pili wa kioo, ndani ya ovaroli ya rangi ya chungwa iliyomzidi kila upande, kaishika simu ya ukutani kwa mikono miwili. Miaka minne amesafisha nyumba za watu wa Thornhill bila kuvunja hata kisahani. Leo ilikuwa siku ya tatu yumo ndani kwa kosa la kuiba bastola ya mzee mmoja anayemfanyia kazi, na saa nane mchana angesimama mbele ya hakimu. Akipatikana na hatia, ruhusa yake ya kukaa Kanada ilikuwa imekwisha, yeye na mkewe Spéciose pamoja, na njia ingewarudisha Uvira walikokimbia. Hilo alilijua vizuri kuliko sheria nyingine zote za nchi hii.

"Alhamisi niliingia saa ine asubuhi," Gaspard alisema. "Papa hakuwako. Mama hakuwako. Mlango ya kando ilikuwa wazi, banaiachaka wazi juu yangu, niingie. Nikakuta kisanduku ya kijani chini, karibu ya viatu."

"Kimoja?"

"Kimoja. Nikakipandisha kule juu, kwa vingine. Kwa hawa watu kitabu ya Mungu haikae chini."

"Ulijuaje kilikuwa kitabu?"

"Sandugu ile nazifutaka vumbi kila Alhamisi, miaka mine. Nitakosa kuzijua?"

"Jirani wa ng'ambo anasema alikuona kupitia kioo cha mlango umebeba kitu cha kijani."

"Lakini ni kweli! Aliniona. Nani anakataa? Polisi naye niliambia vile vile. Wakaandika, wakanifunga."

Ndegwa alifunga kijitabu chake. Miaka kumi na miwili katika upelelezi kule Nakuru ilimfunza kwamba mwongo hupenda kukataa kitu kidogo ili aaminiwe kwenye kikubwa. Huyu hakukataa chochote. Alikubali hata kile kilichomfunga, na jambo hilo lilimkera Ndegwa tangu juzi, siku wakili Almina alipompa kazi hii.

"Utatoka," alimwambia, akajilaumu papo hapo, maana si desturi yake kuahidi.

*

Saa tano kasorobo Ndegwa alivua viatu kwenye mlango wa mzee Ghulamabbas, mwenye bastola, nyumba ya tatu kutoka kona, nje kidogo ya barabara ya Bathurst. Mzee alikuwa na miaka sabini na moja, mgongo umenyooka, ndevu zimechongwa. Aliuza vipuri vya magari Lindi, kisha Dar es Salaam, kisha Toronto, na sasa alikuwa amestaafu na hakuwa na kitu cha kumshughulisha ila jamaat, jumuiya yake ya dini, na kulenga shabaha. Mkewe, Kulsumbai, mwanamke mfupi wa sauti kubwa, alishaweka chai mezani kabla mgeni hajaketi.

"Nataka kuelewa hiyo bastola kwanza," Ndegwa alisema.

Hapo mzee alichangamka kama aliyeulizwa habari za mjukuu. Alileta picha. Bastola ya nusu-otomatiki, ya risasi nene za arobaini na tano, iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja mzee wa Hamilton kwa muda wa miaka miwili. Kila kipande kilipigwa tupa mpaka kikakaa mahali pake bila kucheza. Mpini wake ulikuwa wa mpingo mweusi.

"Mpingo ule ni bakora ya marehemu baba," Ghulamabbas alisema. "Alitoka nayo Lindi, akafa nayo Scarborough. Nilimpelekea fundi nikamwambia, ipasue katikati, unitengenezee mpini. Alilia kuipasua, bwana. Nami nililia. Sasa kila nikiishika naushika mkono wa baba."

"Na unaibeba vipi?"

"Kisheria! Kufuli kwenye kifyatulio, kufuli kwenye sanduku, risasi mbali. Kutoka hapa moja kwa moja mpaka klabu, na kutoka klabu moja kwa moja mpaka hapa. Kibali kiko mfukoni. Miaka minane sijawahi hata kusimama njiani kununua maziwa."

"Sanduku lenyewe likoje?"

Mzee alikohoa. Kulsumbai ndiye aliyejibu.

"Mwulize vizuri, baba. Mwulize sanduku alilitoa wapi."

Ikajulikana kwamba miaka ya nyuma Ghulamabbas alimtengenezesha seremala visanduku vitano vya mbao kwa ajili ya juzuu za Qur'ani. Kulsumbai ndiye aliyekuwa akiazimisha juzuu kwa jamaat: nyumba yenye msiba hupelekewa kisanduku chenye juzuu thelathini, watu wagawane, wasome, khitma ya Qur'ani nzima ipatikane kwa kikao kimoja. Vinne vilijaa juzuu. Cha tano kilibaki kitupu, na mzee akakitia sponji na kufuli, akalaza bastola yake humo.

"Nikamwambia, mtu mzima wa jamaat unatoka nyumbani na sanduku la bastola, majirani watasema nini?" Kulsumbai alisema. "Nikakishonea kifuko kama cha wenzake. Mahameli ya kijani, kamba juu. Akipita nacho watu wanadhani anakwenda kusomea maiti."

Ndegwa aliacha kunywa chai.

"Polisi wanajua kwamba vinafanana?"

"Waliuliza kifuko ni rangi gani. Nikasema kijani. Hawakuuliza zaidi."

"Mlishawaonyesha vile vingine?"

"Yule askari kijana alinyoosha mkono rafuni, nikamwambia hiyo ni Qur'ani, kanawe kwanza. Akaomba radhi, akaondoka. Kijana mwenye adabu sana."

Adabu ile ndiyo iliyomlaza Gaspard ndani siku tatu, lakini Ndegwa hakulisema hilo. Aliomba kuona sefu ambamo, kwa maandishi ya polisi, bastola iliibwa.

Sefu ilikuwa ndani ya kabati la chumba cha kulala, nzito, imefungwa kwa nondo ukutani. Ghulamabbas alizungusha namba huku amewapa mgongo, akafungua. Rafu ya chini ilikuwa na boksi mbili za risasi. Ya kati ilikuwa tupu, vumbi limechora pembe nne za kisanduku. Ya juu ilikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa bangili za dhahabu.

"Uliwaambia polisi kwamba Alhamisi asubuhi bastola ilikuwa humu."

"Ndiyo."

"Na Jumapili ulipofungua kwenda klabu, haimo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwizi alijua namba. Alifungua, akachukua bastola ambayo imefungwa kufuli mbili na hana ufunguo wa hata moja. Risasi akaziacha. Dhahabu ya Mama, ambayo angeiuza hapa mtaani kabla ya chakula cha mchana, nayo akaiacha. Kisha akafunga sefu vizuri." Ndegwa alimgeukia. "Mzee wangu, mimi nimefunga wezi wengi. Sijawahi kukutana na huyo."

Ghulamabbas aliyatazama mazulia.

"Gaspard ana kesi saa nane," Ndegwa aliendelea kwa sauti ya chini. "Mkewe amekaa mahakamani tangu asubuhi na koti lake mapajani. Kama kuna kitu hukukisema, saa yake ni hii. Ikipita saa nane utakisema mbele ya Mungu tu."

Kulsumbai alikuwa amesimama mlangoni. Alimwita mumewe jina lake tupu, jambo ambalo wanawake wa umri wake hawalifanyi mbele ya wageni. Mzee alikaa kitandani.

"Haikuwa kwenye sefu," alisema.

"Ilikuwa wapi?"

"Mlangoni. Alhamisi niliitoa niende klabu. Navaa viatu, simu ikalia: kuna maiti ya mwanamume, waoshaji hawatoshi, njoo upesi. Ile si kazi ya kusema subiri. Nikaiacha pale pale, nikatoka. Niliporudi haipo. Nikadhani Kulsum kaniwekea ndani. Jumapili ndiyo nikajua. Ningesema niliiacha mlangoni, na mlango haukufungwa, leseni ingekwenda, bastola ingekwenda. Mkono wa baba ungekwenda. Nikasema sefu. Sikumtaja Gaspard, wallahi sikumtaja."

"Hukuhitaji kumtaja. Ulisema sefu, na siku ile mgeni ndani ya nyumba alikuwa mmoja."

Ndegwa alitamani kumfokea. Badala yake alihisi damu ikimwenda mbio kwa furaha, kwa sababu maneno ya Gaspard yalikuwa yamepata pa kukaa. Kisanduku cha kijani, chini, karibu na viatu. Gaspard alikipandisha rafuni.

"Twendeni sebuleni," alisema. "Bastola yenu iko juu ya vichwa vyenu."

Rafu ilikuwa juu kabisa, imepita kimo cha Kulsumbai kwa mikono miwili. Visanduku vya kijani vilipangwa mstari, nadhifu, kamba zimefungwa. Ndegwa hakugusa kitu. Ghulamabbas alikwenda kutia udhu, akarudi na mikono imelowa, akapanda ngazi ndogo, akashusha cha kwanza. Akafungua kamba. Juzuu. Cha pili, juzuu. Cha tatu, juzuu. Cha nne alikishusha, akakaribia kukiangusha.

Juzuu thelathini, zimepangwa kwa namba.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Ndegwa aliona aibu, kwani alikuwa ametangaza ushindi kabla ya kuhesabu goli.

"Basi kaichukua," Ghulamabbas alinong'ona. "Masikini, kaichukua kweli."

"Kabla ya Alhamisi aliwahi kuondoka nyumba gani na kitu cha mtu?" Kulsumbai alimkemea. "Nyamaza wewe."

Kuhesabu. Ndegwa alilishika neno lake mwenyewe.

"Mama, juzuu zote ulizo nazo ni visanduku vingapi?"

"Si nimekwambia. Vinne."

"Na hapa mezani viko vingapi?"

"Vinne."

"Kuna mtu umemwazima kimoja?"

"Yuko Zebunissa, wa Markham. Arobaini ya mama yake ni Jumapili hii. Nilimtolea kisanduku Alhamisi asubuhi kabla sijaenda kupima sukari, nikakiweka kwenye kiti pale mlangoni, nikamwambia pita uchukue. Akapita, akanishukuru kwa simu..." Kulsumbai alivitazama visanduku vinne mezani, akavihesabu kwa kidole. Kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Umeazima kimoja na vyote vinne viko hapa," Ndegwa alisema. "Sasa Zebunissa kachukua nini?"

*

Zebunissa hakupokea simu. Walipanda Corolla ya Ndegwa, ambayo hita yake ilifanya kazi miguuni tu, wakashika njia ya Markham. Ghulamabbas alikaa mbele, Kulsumbai nyuma. Novemba ile ilikuwa haijaamua kati ya mvua na theluji, na magari yalikwenda kama yanasindikiza harusi.

"Nieleze mikono yako ilifanya nini," Ndegwa alimwambia mzee. "Ulipofika mlangoni, kiti kilikuwa na nini?"

"Kisanduku cha Kulsum. Nilitaka kukaa nivae viatu. Nikakiinua, nikakiweka dirishani pamoja na changu. Nikavaa. Simu ikalia. Juzuu sikuweza kuziacha dirishani karibu na soli za viatu, nikazirudisha kitini. Changu nikakiweka chini."

"Ulitazama ndani?"

"Kutazama nini? Bastola yangu naijua kwa uzito hata nikifumba macho."

"Siku hiyo ulikuwa umefumbua macho, na simu begani, na maiti inakusubiri."

Mzee aliinua viganja viwili, akavipima hewani.

"Uliweka bastola kitini," Ndegwa alisema. "Na juzuu ukaziweka chini."

"Ya Ali!" Kulsumbai alipiga kelele huko nyuma. "Chini? Na viatu?"

"Zebunissa aliingia akaona viwili. Mtu wenu yeyote angefanya alivyofanya: angechukua cha kitini, kwa sababu Qur'ani haiwezi kuwa ile iliyo sakafuni. Baada yake akaingia Gaspard. Yeye si Mwislamu, lakini amekaa nanyi miaka minne, akaona kitabu cha Mungu kiko chini na roho yake haikukubali. Akakipandisha. Nyumba nzima siku hiyo watu wawili walifuata adabu yenu sawasawa. Aliyekosea ni mwenye nyumba."

Ghulamabbas alitoa leso, akafuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na ukungu.

Zebunissa alifungua mlango akiwa na mikono ya unga. Simu alikuwa ameiacha chaji ghorofani. Alimkumbatia Kulsumbai, akamwamkia mzee, akamtazama Ndegwa kwa wasiwasi.

"Kisanduku ulichochukua Alhamisi, dada, kiko wapi?"

"Kipo salama. Sijakifungua mpaka Jumapili watu waje."

Aliwaongoza sebuleni. Juu ya kabati la vyombo, mahali pa juu kuliko vyote, palikuwa na kitambaa cheupe cha kudarizi, na juu ya kitambaa kisanduku cha mahameli ya kijani. Mbele yake kulikuwa na chetezo, majivu ya udi bado yamo.

"Nakifukizia kila siku," Zebunissa alisema. "Na asubuhi nikipita nakibusu. Napata nguvu sana, Kulsumbai, nakuambia kweli. Tangu kije nimelala vizuri."

Kulsumbai alitafuta kiti.

Ndegwa aliwaomba wote wasiguse. Alipanda juu ya kigoda, akatoa kalamu mfukoni, akaipenyeza kwenye fundo na kulegeza kamba kidogo kidogo mpaka mahameli ikafunguka kiasi cha vidole vitatu. Shaba iling'aa.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "visanduku vya juzuu vina kufuli?"

"Kufuli la nini? Nani ataiba Qur'ani?"

"Hiki kina kufuli."

Alishuka. Miguu ilikuwa myepesi, na uso wake, ambao wenzake wa Nakuru walizoea kuuita ukuta, ulikuwa umejaa kicheko chote hadi masikioni. Aliwapigia polisi. Kisha alimpigia Almina, aliyekuwa nje ya chumba cha mahakama.

"Imepatikana," alimwambia. "Haikutoka nje ya jamaat hata dakika moja."

"Usinitanie, Ndegwa. Nina saa moja na nusu."

"Imefukizwa udi siku sita. Sikutanii."

Askari wawili walifika baada ya dakika ishirini, mmoja wao yule kijana mwenye adabu. Alivua viatu bila kuambiwa. Alipiga picha, akavaa glavu, akashusha kisanduku, akamwomba Ghulamabbas ufunguo. Kufuli ya nje ilikuwa nzima. Ndani, kwenye sponji, bastola ililala vile vile ilivyolazwa, kufuli ya kifyatulio mahali pake, tumbo tupu bila risasi, na mpingo wa Lindi mweusi unaong'aa kwenye mwanga wa dirisha. Kijana alipiga mluzi wa kustaajabu kabla ya kujizuia.

Zebunissa aliitazama. Alijipangusa midomo kwa ukingo wa dupata, mtandio wake, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo nimekuwa nikibusu..."

"Nia yako ilikuwa njema, mwanangu," Kulsumbai alisema haraka.

Almina alikuwa bado hewani. Ndegwa alimpa mzee simu. Wakili alisema haraka na wazi, kwa Kiswahili cha kwao Kisumu: bastola kupatikana ni nusu ya kazi, mwendesha mashtaka angetaka maneno ya mwenyewe kwa maandishi, kwamba haikuwa kwenye sefu na kwamba alidanganya. "Na nikwambie ukweli, uncle. Maneno hayo yanaweza kukugharimu leseni. Unaweza kutafuta wakili wako kwanza, lakini wakili wako hatafika kabla ya saa nane."

Ghulamabbas aliitazama bastola kwa muda, mikono ikiwa nyuma kama mtu aliye mbele ya jeneza. Kisha akamgeukia yule askari kijana.

"Una karatasi?"

Aliandika akiwa amesimama, juu ya meza ya Zebunissa yenye unga, ukurasa mzima. Alisema alivyoiacha, alivyoogopa, alivyodanganya, na kwamba mtu anayeitwa Gaspard hakugusa chake chochote isipokuwa kuheshimu kile ambacho yeye mwenyewe alikivunjia heshima. Hili la mwisho askari alisema si lazima. Mzee alisema ni lazima.

*

Saa tisa kasoro dakika tano Gaspard alitoka kwa mlango wa kando wa mahakama, katika nguo zake mwenyewe, mkanda mkononi. Mashtaka yalikuwa yameondolewa yote kwa sentensi mbili, na hakimu alimwambia aende nyumbani. Spéciose alimrukia shingoni, koti likaanguka kwenye theluji nyembamba iliyokuwa imeshaamua kunyesha. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani palepale kwenye ngazi, kwa sauti kamili, na Almina, Mwismaili asiyeujua hata neno moja, akapiga makofi ya kufuatisha. Ndegwa naye alipiga.

Ghulamabbas alisogea. Alivua kofia.

"Gaspard. Nilinyamaza ili nisipoteze kitu changu, nikakuacha wewe upotee. Nisamehe."

Gaspard alimtazama mzee, kichwa kitupu kikipigwa na theluji.

"Papa, siku tatu sikulala," alisema mwishowe. "Nilikuwa najiuliza, nilifanya mubaya gani kukipandisha?"

"Hukufanya baya. Mimi ndiye niliyekiweka chini."

"Basi vaa kofia. Utapata baridi." Akamshika mkono. "Na sandugu ya bunduki?"

"Wameichukua mpaka waamue. Yule kijana anasema kufuli zilikuwa nzima, huenda nikarudishiwa. Nisiporudishiwa, nitakuwa nimemuaga baba kwa heshima."

"Utarudishiwa," Almina alisema. "Hilo niachie mimi, na hilo sitakutoza."

Kulsumbai alikuwa ameinama akiokota koti la Spéciose, akalikung'uta, akamvisha begani. Kisha alifungua mkoba wake akatoa kifuko cha mahameli ya kijani, kile ambacho polisi walimrudishia kwa kuwa si ushahidi wa kitu. Alikikunja mara mbili mbele ya mumewe.

"Hiki nakitengenezea kisanduku cha tano cha juzuu," alisema. "Bastola yako ikirudi, utaibeba uchi kama ilivyo. Majirani na waone."

Ghulamabbas alicheka, kisha wakacheka wote, na Ndegwa akaenda kuwasha gari ili miguu yao ipate joto.